Jibu: Uvimbe kwenye taya la kinyonga

Ndugu, uvimbe mgumu uliouelezea, ulioota kwenye taya la kinyonga wako na kuendelea kukua kwa wiki kadhaa, unaelekea zaidi kuwa jipu kuliko mabaki ya ngozi aliyojivua nusu, kwa kuwa mabaki hayo huwa membamba na meupe, wala hayavimbi. Tafadhali usilitumbue. Usaha wa reptilia ni mzito kama jibini na hautiririki, kwa hiyo daktari wa wanyama hulazimika kulipasua jipu, kulikwangua lote na mara nyingi kuagiza antibiotiki. Iwapo kinyonga huyo alikamatwa porini, mwombe daktari achunguze pia minyoo inayoishi chini ya ngozi. Uvimbe wa kwenye viungo vya miguu huweza kuwa jongo (gauti), yaani ugonjwa wa asidi ya mkojo kuganda kwenye viungo.

Ukisubiri miadi, badilisha taa ya mionzi ya urujuanimno (UV) ikiwa imezeeka, kwani mionzi hiyo hufifia hata mwanga ukiendelea kuwaka. Nyunyizia majani maji, maana vinyonga wengi hawanywi kwenye bakuli, na wadudu unaomlisha uwapake unga wa kalsiamu. Usimshikeshike, hafurahii kubembelezwa, hata tukijidanganya vipi.