Swali la Lugha: "Namrithi" au "Namrithisha"?

Swali: Ninaandika wosia wangu kwa Kiswahili, na sehemu moja inasema hivi: "Namrithi binti yangu Salma nyumba yangu, na mirathi yangu iliyobaki nawapa watoto wangu na ndugu zangu." Rafiki niliyemsomea anasema nimekosea, ila hakuweza kunieleza nimekosea wapi. Pia, kichwa cha hati kiwe "Wosia" au "Wasia"?

Jibu: Rafiki yako ana sikio zuri. Mtendaji wa kitenzi "kurithi" ni yule anayepokea, na kinachofuata baada yake chaweza kuwa kitu kilichopokewa au mtu aliyekiacha: "Salma amerithi nyumba" na "Salma amemrithi baba yake" zote ni sahihi. Kwa hiyo ukiandika "namrithi binti yangu", unasema kwamba wewe ndiye utakayechukua mali ya Salma baada yake, jambo ambalo bila shaka hukulikusudia. Unahitaji kauli ya kusababisha: "Namrithisha binti yangu Salma nyumba yangu."

"Mirathi" nayo imewahi mno. Ingawa neno hilo lina asili moja ya Kiarabu na "urithi" na "mrithi", matumizi yameyatenganisha: twasema urithi wa utamaduni bila kumfikiria maiti yeyote, lakini mirathi ni ya marehemu, na ndiyo hufunguliwa na kuwekewa msimamizi. Ungali hai, ulicho nacho ni mali tu. Andika "mali yangu yote itakayobaki".

Kitenzi "nawapa" ni cha kuangaliwa zaidi, kwa sababu kinaeleza tendo la sasa, na mtu mwenye nia ya kubishana aweza kudai kwamba ulikwisha kutoa mali hiyo siku ulipoandika, yaani kwamba ilikuwa hiba, zawadi itolewayo mtu angali hai, wala si wosia. Ili kuziba mwanya huo, tumia dhamira tegemezi, yaani umbo la kitenzi la kuagiza linaloishia kwa -e, na utaje wakati: "Baada ya kufa kwangu, mali hiyo wapewe..." Hapo pia uchague kati ya "wagawane" na "wagawiwe", kwani wanaogawana hukaa wenyewe wakapatana, ilhali wanaogawiwa hugawanyiwa na mtu mwingine, ambaye itakubidi umtaje.

Lakini linalonitia wasiwasi kuliko yote ni "watoto wangu na ndugu zangu", ingawa kisarufi halina ila. Katika mazungumzo yetu ya kila siku mtoto wa kaka yangu ni mtoto wangu, na ndugu aweza kuwa wa tumbo moja, wa baba mmoja, binamu, au hata jirani tuliyekua pamoja. Upana huo, ambao binafsi naupenda sana, haufai katika hati ambayo mwandishi wake hatakuwepo kuulizwa. Andika "watoto wangu wa kuwazaa" ikiwa ndio unaowakusudia, kisha utaje kila mmoja kwa jina lake kamili. Na ndugu vilevile.

Kuhusu kichwa, "wasia" liko karibu zaidi na asili yake ya Kiarabu, na "wosia" ndilo lililoenea katika hati za leo. Chagua moja ulitumie mwanzo hadi mwisho. Ukumbuke tu kwamba neno hili halikuwahi kufungwa kwenye mali: katika utenzi wake wa mwaka 1858, Mwana Kupona anamwachia binti yake wasiati ambao ni mawaidha matupu. Kwa sababu hiyo, ukiandika katikati ya mgawanyo "nawausia msiuze shamba", warithi wako wataweza kushindana kama hilo lilikuwa nasaha au sharti. Nasaha ziwekee sehemu yake mbali na mgawanyo, na likiwa ni sharti, andika waziwazi: "Shamba lisiuzwe."