Hadithi na ngoma za asili jukwaani: jibu kwa aliyeuliza kuhusu pleibeki

Mkuu, umeuliza mambo mawili. La kwanza, kama unaweza kuandaa onyesho la saa moja la mtambaji wa hadithi ukatumia muziki wa asili uliorekodiwa, kwa kuwa kuleta wapigaji kutoka Dodoma ni gharama. La pili, namna ya kuwashika vijana wa mjini wasizame kwenye simu. Nimepiga zeze, ile ala ya nyuzi yenye kibuyu, pamoja na watambaji kwa miaka mingi, Bagamoyo, Dar na kwenye shule za mikoani, na kwangu maswali hayo yana jibu moja: leta wapigaji. Pleibeki, yaani huo muziki uliorekodiwa, ndiyo itakayowarudisha hao vijana kwenye simu.

Sababu iko ndani ya ngano zenyewe. Nyingi zina wimbo katikati, na wimbo huo ndio unaoisukuma hadithi. Chukua ile ya mtoto aliyefungiwa ndani ya ngoma, ambayo inasimuliwa sehemu nyingi kwa namna tofauti. Kwa watu wa pwani, wasichana wanakwenda kuokota makombe ya baharini, mmoja anasahau lake juu ya jiwe, akirudi anakutana na zimwi. Zimwi linamtia ndani ya ngoma na kupita naye kijiji kwa kijiji. Likipiga, mtoto anaimba, nalo linapewa chakula kwa ajili ya ngoma hiyo ya ajabu.

Sisi mwimbaji wetu hakai jukwaani. Anasimama nyuma kabisa, karibu na mlango, gizani. Mtambaji anafika kijiji cha kwanza, ananyamaza, ngoma inapigwa pigo moja zito, na sauti ya mtoto inatokea migongoni mwa watu. Vichwa vyote vinageuka. Kijiji cha pili mtambaji anaanza kuitikia, huku amenyoosha mkono kuomba msaada. Kijiji cha tatu ukumbi mzima unaimba, tena kwa Kigogo, lugha ambayo wengi wao hawaijui, lakini kiitikio ni kifupi na kimesharudi mara kadhaa, kwa hiyo wanakitamka bila wasiwasi. Kijiji cha nne ndiko nyumbani kwao mtoto. Hapo mtambaji anainua kiganja, watu wanakata, mtoto anaimba peke yake huku mama yake akisikiliza. Mama ni mtambaji huyohuyo, amebadili tu namna ya kusimama.

Kimya kinachofuata hakuna anayekipanga. Mpiga ngoma anamtazama mtambaji, mtambaji anawatazama watu. Siku moja kinapita upesi, siku nyingine mtoto wa viti vya mbele anapaza sauti, "Mama, ndiye huyo!", na mtambaji inabidi amjibu kabla hadithi haijaendelea. Muziki uliorekodiwa hauwezi kumsubiri yule mtoto. Ukishaanza unakwenda tu, na mtambaji anageuka kuwa mtu wa kuukimbiza.

Wahaya walishalimaliza suala hili zamani. Kwao anayetamba tendi, kama ule wa shujaa Rukiza, ndiye mwenyewe anayepiga nanga, kamba zikiwa zimetandazwa juu ya ubao uliochongwa kama hori, sauti na vidole vikitoka kwa mtu mmoja. Akitaka kurefusha vita anarefusha, akiona watu wamechoka anavuka.

Usiogope pia kwamba jukwaa la taa na spika litaua asili ya kitu. Marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wa asili, alitoka Ugogoni kule Dodoma, Mwalimu Nyerere akamwita Dar es Salaam, baadaye akaweka makao Bagamoyo, na mpaka anafariki mwaka 2003 alikuwa amepanda majukwaa makubwa ya Ulaya na zeze na ilimba zilezile, ilimba ikiwa ni ile ala ya ndimi za chuma zinazopigwa kwa vidole. Sasa Pendo na Leah Zawose, mtoto wake na mjukuu wake, wanaongoza wenyewe na kupiga vyombo ambavyo kwa desturi vilikuwa vya wanaume. Wanawake walikuwa wa kupiga muheme, ngoma ya akina mama wa Kigogo, na kuitikia. Albamu yao ya 2024 itafute, inanitia moyo sana. Na tamasha la muziki la Sauti za Busara limeshikilia kupiga laivu tangu 2004, kule Unguja, na watu wanakuja kutoka kila pembe.

Kinachoua ni sauti kusimamiwa vibaya. Kwenye hili nakuomba uwe mkali. Ilimba ina vipete vidogo kwenye zile ndimi za chuma ili ivume na kuchachatika. Fundi mitambo asiyeijua atadhani ni hitilafu na atakata sauti hizo zote za juu, utabaki na kitu kinachogonga kama chupa tupu. Mkalishe mbele ya mpigaji mapema, asikilize bila spika kwanza, kisha mwambie hivyo ndivyo itoke. Maikrofoni ielekee tundu la ilimba, na kwa zeze ielekee kibuyu. Mtambaji avae ya kichwani, mikono yake ina kazi. Ngoma kwenye ukumbi wa watu mia mbili hazihitaji maikrofoni hata kidogo. Mwangwi wa kutengenezwa uzimwe wote, unameza maneno.

Kinanda usikiweke. Ilimba ikishawekwa sawa sauti zake ndiyo kiongozi: zeze linaifuata, waimbaji wanafuata zeze, na sauti za Kigogo hazikai kwenye vituo vya kinanda. Ukilazimisha, kila mtu ataonekana anakosea.

Ngoma zianikwe juani mchana kutwa, maana ukumbi hautakuruhusu kuwasha moto, na zisilale chini ya kiyoyozi. Hewa ya pwani inalegeza ngozi upesi.

Kuhusu gharama: huhitaji kundi zima. Mtambaji, mpiga ilimba au zeze, mpiga ngoma, na mwimbaji mmoja mwenye sauti ya kufika bila msaada. Wanne hao wanabeba saa nzima. Ungetumia pesa za mavazi na mapambo kuwalipa hao vizuri, na kuwapa nauli na malazi mapema, si baada ya onyesho. Wazee wengi wameshazungushwa na waandaaji, na mzee anayewaza atarudije kwake hapigi kama anavyojua.

Viti vipange nusu duara, watu waonane nyuso. Taa za ukumbini usizime zote, mtambaji anahitaji kuwaona. Vijana waweke mbele, si nyuma. Anza na "Paukwa!" na usiendelee mpaka "Pakawa!" ijibiwe na ukumbi mzima.

Ukishapata ukumbi, andika hapa ukubwa wake na kama paa ni la bati. Mvua ikinyesha juu ya bati mpango wote wa sauti unabadilika, nami nitakwambia wapigaji wakae wapi.