Maswali na Majibu: Ni Nani Aliyetenda Dhambi?

Barua zilizofika safari hii ni nyingi, lakini zaidi ya nusu zinauliza jambo moja kwa maneno mbalimbali: nimepatwa na msiba, je, nimekosea wapi? Nimeanza na swali hilo kwa makusudi. Wale watakaopata jibu la mstari mmoja wasinune, kwa maana yapo maswali yanayohitaji Biblia ifunguliwe tu, wala hayahitaji mwandishi.

Swali: Kwa muda wa miaka miwili nimefiwa na mume, nimeachishwa kazi, na sasa mwanangu anaugua. Waumini wenzangu wananiambia nichunguze maisha yangu kwa kuwa Mungu haadhibu bure. Je, ni kweli kwamba naadhibiwa?

Pole sana, dada yangu. Mimi sijui kwa nini umepatwa na hayo yote, na hao wenzako hawajui pia, ila wao wamethubutu kusema. Wanafunzi wa Yesu walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu waliuliza vivyo hivyo: ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake? Bwana akajibu kwamba hakutenda dhambi yeye wala wazazi wake (Yohana 9:3). Katika Luka 13 aliletewa habari za Wagalilaya ambao Pilato alichanganya damu yao na dhabihu zao, naye mwenyewe akaongeza habari ya watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu, akauliza kama hao walikuwa wakosaji kuliko watu wote waliokaa Yerusalemu. Jibu lake ni neno moja: "Sivyo." Watu hulipita neno hilo mbio ili wafike kwenye onyo linalofuata, la kwamba msipotubu mtaangamia vivyo hivyo, kisha huenda nalo msibani kuwachapa waliofiwa, ilhali onyo lile lilielekezwa kwa wasikilizaji wazima waliosimama mbele yake wakiwapima marehemu.

Rafiki watatu wa Ayubu, Elifazi, Bildadi na Sofari, walifanya jambo moja jema katika kitabu kizima: walikaa naye chini siku 7, usiku na mchana, bila kusema neno. Walipofumbua vinywa ndipo walipoharibu. Sura baada ya sura wanamtaka aungame dhambi ambayo hata wao hawaifahamu, na mwishoni hasira ya Mungu inawaka juu yao, kwa sababu hawakunena yaliyo sawa juu yake kama alivyonena Ayubu (42:7). Tena hotuba zao ni nzuri. Nusu ya mahubiri ninayoyasikia misibani yangeweza kutoka kinywani mwa Elifazi, na watu wangeitikia amina.

Niliwahi kuketi karibu na mama aliyekuwa amemzika mtoto wake wa miaka minne. Mtu mmoja, mwenye nia njema kabisa, akamwambia kwamba Mungu alihitaji malaika mwingine. Mama yule alikuwa ameshika kikombe mkononi. Akakiweka chini polepole, akakizungusha mpaka mshikio wake ukaelekea ukutani, kisha akauliza, "Kwani hakuwa nao wa kutosha?" Hakuna aliyemjibu, na mpaka leo sidhani kama kuna jibu.

Sikatai kwamba dhambi huzaa mateso. Mlevi huharibu ini lake, na mwenye hasira hubaki peke yake nyumbani. Lakini kushika njia hiyo kinyumenyume, ukakiangalia kidonda cha mwenzako na kumtajia dhambi yake, ni jambo ambalo Bwana amelikataza mara mbili, na mara zote mbili kwa maneno ambayo mtoto anaweza kuyaelewa.

Swali: Ikiwa Mungu ni mwema na ana uwezo wote, uovu umetoka wapi? Isaya 45:7 inasema wazi kwamba yeye ndiye aliyeuhuluku ubaya.

Tuanze na aya, kwa kuwa naletewa kila baada ya miezi michache, na kila anayeileta anadhani ameigundua yeye. Sura ile inamsemesha Koreshi, mfalme wa Uajemi, na katika aya hiyo nuru imewekwa kinyume cha giza, na suluhu kinyume cha ubaya. Kinyume cha suluhu ni maafa. Neno la Kiebrania lililotumika hapo hubeba maana zote mbili, uovu wa moyo na maafa yanayowapata watu, na muktadha ndio unaoamua. Nabii anasema kwamba amani na vita, kuinuka na kuanguka kwa wafalme, vyote vimo mkononi mwa Mungu mmoja. Hasemi kwamba Mungu ndiye anayetunga uongo na husuda.

Sasa swali lenyewe. Augustino, aliyekuwa askofu wa Hipo na kufariki mwaka 430, lilimsumbua tangu ujana, hata akakaa miaka ipatayo tisa na Wamani, waliofundisha kwamba nuru na giza ni nguvu mbili za milele zinazopigana. Alipowaacha alifikia hoja ambayo Wakristo wengi wameifuata tangu hapo: uovu si kitu kilichoumbwa, ni upungufu wa wema mahali ulipopaswa kuwapo. Lichukue shati lililotoboka: fundi hakushona tundu, wala tundu halina uzi wake, na ukiliondoa shati lote tundu nalo halipo. Upungufu huo uliingia, kwa mujibu wa mafundisho hayo, pale viumbe wenye hiari walipomgeuzia Muumba wao kisogo.

Hoja hiyo naipenda, lakini haifiki kila mahali. Hiari ya wanadamu inaeleza vita na wizi. Haielezi tetemeko la ardhi. Tarehe 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, jiji la Lisbon, nchini Ureno, lilitikiswa asubuhi wakati makanisa yamejaa watu, na kilichosazwa na tetemeko kikamalizwa na moto na mawimbi ya bahari. Mwaka uliofuata padre Mjesuiti, Gabriel Malagrida, alitoa kijitabu akisisitiza kwamba chanzo ni dhambi za wakazi wa jiji wala si nguvu za asili. Waliofia ibadani wakageuzwa washtakiwa. Huyo ni Elifazi tena, safari hii amevaa kanzu ya kipadre.

Paulo anasema viumbe vyote vinaugua pamoja na kuwa na utungu hata sasa (Warumi 8:22), maana yake dunia yenyewe inangoja kukombolewa pamoja nasi. Zaidi ya hapo Maandiko hayatupi mchoro wa kila tetemeko. Yanatuonyesha Mungu aliyeingia mwenyewe katika mateso, akafa kifo cha mhalifu nje ya mji, na siku ya tatu akafufuka. Anayedai kuwa na maelezo kamili kuliko hayo muulizeni ameyapata sura gani.

Swali: Je, Mungu alimuumba Shetani?

Alimuumba malaika, ushetani alijitengenezea mwenyewe. Na tafadhali, si kila kikohozi ni kazi yake.

Swali: Nimeambiwa kwamba matatizo ya ndoa yangu yanatokana na laana za ukoo, na kwamba niende kwa mtumishi fulani anivunjie. Inanibidi kutanguliza sadaka. Nifanye nini?

Kaa na sadaka yako. Nimelijibu swali hili mara nyingi kiasi kwamba naweza kulijibu usingizini, na bado watu wanaenda.

Aya inayotumika ni Kutoka 20:5, ambapo Mungu anapatiliza uovu wa baba juu ya wana hata kizazi cha tatu na cha nne. Aya hiyo inaendelea: "cha wanichukiao." Kisha aya ya sita inasema kwamba huwarehemu maelfu elfu wampendao na kuzishika amri zake. Wanaohubiri laana huishia aya ya tano kama vile karatasi imechanika. Wana wa Israeli nao walikuwa na methali yao, kwamba baba wamekula zabibu kali na meno ya watoto yametiwa ganzi, na Ezekieli akaandika sura nzima, ya 18, kuipiga marufuku: roho itendayo dhambi ndiyo itakayokufa, na mwana hatauchukua uovu wa baba yake. Ikiwa uko ndani ya Kristo, Wagalatia 3:13 inasema amekwisha kutukomboa katika laana. Amekwisha. Kitendo kimekamilika, na hakikusubiri malipo ya awali.

Simoni Mchawi alitaka kununua kipawa cha Mungu kwa fedha, na Petro akamwambia fedha yake ipotelee mbali pamoja naye (Matendo 8:20). Siku hizi wauzaji wamekuwa wengi kuliko wanunuzi, nao wana mafuta, maji na vitambaa. Ndoa yako, ndugu yangu, inahitaji mkae chini wawili, mzungumze ukweli, na ikibidi mtafute mzee mwenye busara asiyetoza chochote.

Swali: Nikiokoka, je, sitaugua tena?

Timotheo alikuwa na tumbo bovu na magonjwa ya mara kwa mara (1 Timotheo 5:23), Paulo alimwacha Trofimo Mileto akiwa hawezi (2 Timotheo 4:20), na Paulo mwenyewe aliomba mara tatu aondolewe mwiba uliomtesa mwilini, akaambiwa, "Neema yangu yakutosha." Utaugua. Ukiugua nenda hospitali, na usiache dawa kwa sababu mtu amekuambia kwamba kuzimeza ni kukosa imani. Wapo waliokufa kwa ushauri huo.

Swali: Paulo anasema tunaokolewa kwa imani, Yakobo anasema kwa matendo. Nani mkweli?

Wote wawili, na ukisoma aya mbili zaidi kila upande ugomvi unapungua sana. Waefeso 2:8-9 inasema wokovu ni kipawa, si kwa matendo, mtu asije akajisifu. Aya ya 10 inasema tuliumbwa katika Kristo ili tutende matendo mema. Yakobo kwa upande wake anapambana na imani ya mdomoni, ile ya mtu anayemwambia ndugu asiye na nguo wala chakula, "Enendeni zenu kwa amani, mkaote moto na kushiba," asimpe kitu. Imani ya namna hiyo, anasema, hata mashetani wanayo, na wanatetemeka. Paulo anamzungumzia mtu anayeingia mlangoni; Yakobo anamzungumzia anayedai kwamba ameingia huku viatu vyake viko njiani.

Makanisa yaligawanyika vibaya juu ya jambo hili katika karne ya 16, kwa hiyo ni vizuri msomaji ajue kwamba tarehe 31 Oktoba 1999, huko Augsburg, Kanisa Katoliki na Shirikisho la Kilutheri Duniani walitia saini tamko la pamoja kuhusu kuhesabiwa haki, wakikiri kwamba tunakubaliwa na Mungu kwa neema tu, si kwa stahili yetu, nasi tunapokea Roho anayetuita kwenye matendo mema. Wamethodisti waliungana nao mwaka 2006. Tofauti hazikuisha zote. Hata hivyo, wanaoendelea kutukanana kwa hoja za mwaka 1520 wangeanza kwa kuusoma waraka huo.

Swali: Nimeongozwa sala ya toba mara tatu katika mikutano mitatu. Ipi ndiyo iliyoniokoa?

Anayeokoa ni Kristo, sala haiokoi. Acha kuhesabu, tafuta kanisa, kaa humo.

Swali: Jambazi aliyetubu msalabani aliingia peponi, na mimi nimetumika kanisani miaka 30. Hiyo ni haki?

Si haki. Ni neema. Soma Mathayo 20, kisha angalia ni vibarua gani walionung'unika.

Swali: Naogopa kwamba nimemkufuru Roho Mtakatifu. Silali usiku.

Soma Marko 3 kuanzia aya ya 22. Waandishi walimwona Yesu akiwafungua watu, wakasema anafanya hivyo kwa nguvu za mkuu wa pepo, na Marko mwenyewe anaeleza sababu ya onyo lile: ni "kwa vile walivyosema, Ana pepo mchafu." Ni moyo unaoutazama wema wa Mungu kwa macho makavu na kuuita ushetani, wala hautaki kusamehewa. Wewe unataka kusamehewa hata usingizi umekuruka. Petro alimkana Bwana mara tatu kwa kiapo, na ndiye aliyekabidhiwa kondoo. Lala.

Swali: Ndugu yetu alijiua. Mchungaji alikataa kumzika, akasema amekwenda motoni moja kwa moja. Je, Biblia inasema hivyo?

Haisemi hivyo. Kujiua ni jambo zito, na mapokeo ya Kanisa yamekukataa siku zote, kwa sababu uhai si mali yetu. Lakini kutoka hapo hadi kutangaza hukumu juu ya kaburi ni mwendo mrefu ambao mchungaji wenu aliuruka. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, kwa mfano, inafundisha kwamba maradhi ya akili, uchungu au hofu kubwa vinaweza kupunguza wajibu wa aliyejiua, na kwamba tusikate tamaa juu ya wokovu wake. Mwombeeni, na msiruhusu watoto wake wasikie neno lile tena. Na kama kuna msomaji ambaye swali hili linamhusu yeye mwenyewe, usisubiri toleo lijalo la safu hii: mwambie mtu wa karibu leo hii, kwa maneno yaliyo wazi, na uombe akufikishe kwa mganga wa hospitali.

Swali: Ni dhambi kumlalamikia Mungu? Wenzangu wananiambia niseme "nashukuru" tu.

Kama ni dhambi, basi kitabu cha Zaburi kingepaswa kupunguzwa sana. Yesu mwenyewe msalabani aliomba kwa maneno ya Zaburi ya 22, "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?" Zaburi ya 88 inakwenda mbali zaidi: haina aya ya shukrani mwishoni, wala jua halichomozi, na neno linaloifunga ni giza. Waliokusanya maombi ya Israeli waliiacha hivyo hivyo. Uzito ukikuzidi, isome kwa sauti, na usiiongezee kitu.