Mirija "iliyoghushiwa na potasiamu"?

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa fizikia, mwenyeji wa Wete, Pemba. Nikitafsiri neno la Kiingereza "doped", nimeandika: "Mirija ya kaboni iliyoghushiwa na potasiamu ilichunguzwa kwa spektroskopia ya Raman chini ya presha." Wenzangu wananicheka kwa hiyo "iliyoghushiwa". Niandikeje?

JIBU: Wana haki ya kucheka kidogo. Maziwa hughushiwa kwa maji, vyeti navyo hughushiwa. Palipo na kughushi pana mtu anayedanganywa. Wewe humdanganyi mtu; unatia kitu kidogo ili kubadili tabia ya mirija, vile vijibomba vyembamba mno vya atomi za kaboni. Potasiamu inaupa mrija elektroni, bromini ingezichukua, na vipimo vinaonesha hivyo: mstari mkuu wa Raman (yaani wa mwanga uliotawanywa na mrija), ulio karibu na 1590 kwa sentimita, hushuka kwa potasiamu na kupanda kwa bromini. "Kuchanganya" nako ni kulegea mno.

Mimi ningechukua kukoleza. Chumvi hutiwa kidogo, na mchuzi mzima ukageuka ladha; ndiyo hasa kazi ya potasiamu yako.

Lakini kosa kubwa zaidi, ambalo wenzako hawakuliona, ni "na". Baada ya kitenzi cha kutendwa, "na" humtaja mtenda. Ukuta hupakwa chokaa na fundi. Haupakwi "na chokaa". Basi andika mirija iliyokolezwa potasiamu, au iliyokolezwa kwa potasiamu. Makala za sayansi zimejaa "na" hii, na kila mara kemikali inageuzwa fundi.

Presha kwetu ni maradhi ya wazee. Kipimo cha fizikia kina jina lake, kanieneo, na tendo lenyewe ni kugandamiza. Hiyo "chini ya" ni Kiingereza kilichovaa kanzu: mirija haikai chini ya kitu, katika vipimo vya aina hii hubanwa baina ya almasi mbili. Kanieneo ikipanda, ule mtetemo wa mrija kutanuka na kunywea huenda kasi zaidi, kisha mstari wake hufifia. Raman ibaki na herufi kubwa, kwani ni jina la mtu, C. V. Raman wa India, aliyeutangaza mtawanyiko huo wa mwanga mwaka 1928.

Sentensi yako basi: "Mirija ya kaboni iliyokolezwa potasiamu iligandamizwa baina ya almasi na kuchunguzwa kwa spektroskopia ya Raman."

Ukitaka nomino, sema ukolezaji. Ukolezi waachie wanakemia, wanaoutumia kwa kiasi cha kitu kilichomo ndani ya mmumunyo.