Magurudumu ya supamoto kwenye pikipiki ya porini: pima kabla hujatoa hela

Pikipiki yangu ni Yamaha WR250R, naishi nayo Tanga, na ina seti mbili za magurudumu. Wiki hii ina tairi refu jembamba mbele lenye meno. Wiki ijayo utaiona mtaani Chumbageni ikiwa imevaa matairi mapana ya lami na imeshuka chini, ukadhani si ileile. Ndiyo maana naulizwa sana, hasa na vijana wenye Yamaha DT, Honda XL na hizi mtumba za Japani: "Kaka, na mimi naweza kufunga rimu za supamoto?" Yaani rimu fupi na pana za lami, badala ya zile ndefu za porini.

Inategemea unayo ipi na uko tayari kununua nini. Msimamo wangu haujabadilika: nunua gurudumu zima, la mbele na la nyuma, pamoja na kila kitu kilichokuwa kinaligusa kwenye pikipiki lilikotoka. Rimu tupu, hata ikiuzwa bei ya kutupa, iache hapohapo.

Kuna pikipiki ambazo kiwanda chenyewe kilizitoa kwa jozi, moja ya porini na moja ya lami. Yamaha ilitoa WR250R na WR250X, zilizotoka kama modeli za 2008. Honda ilitoa CRF250L, na mwaka 2013 ikaleta CRF250M. Kawasaki ilitoa KLX250 na mwenzake D-Tracker. Suzuki ilitoa DR-Z400S na DR-Z400SM. Zote hizo, ya porini inavaa rimu ya inchi 21 mbele na 18 nyuma, ya supamoto inavaa 17 pande zote mbili. Ukiishia kusoma majina utaona ni ndugu wa tumbo moja, ubadilishe chochote utakacho. Hapo ndipo watu wanapoliwa.

Angalia hizo Suzuki. S ina shokapu za mbele za kawaida. SM ina zile za kugeuzwa, sehemu nene juu na nyembamba chini. Mtu akikuuzia gurudumu la mbele la SM ulifunge kwenye S, amekuuzia pambo la sebuleni. Ukilitaka kweli utahamisha mbele yote: shokapu, klampu zinazozishika juu na chini, ekseli (chuma kinachopita katikati ya gurudumu), disiki ya breki, na kalipa inayobana disiki. Kwa hesabu hiyo heri uuze S utafute SM iliyokamilika.

WR ina nafuu kubwa. R na X zinashirikiana injini, fremu ya alumini na mkono wa nyuma, kwa hiyo gurudumu la X linaingia kwenye R bila kuchonga chuma. Hata hivyo nilikwenda Dar kuzitazama zangu nikiwa na vanieri, kile kipimo cha milimita, mfukoni, kwa sababu muuza spea za mtumba haapi kwamba alichoandika kwenye karatasi ndicho kilichofungwa. Pima tundu la ekseli. Pima upana wa habu, ile sehemu ya katikati ya gurudumu, beringi hadi beringi, na uhakikishe busha zake zote zipo, yaani vile vipande vya bomba vinavyojaza nafasi kati ya gurudumu na shokapu au mkono wa nyuma. Gurudumu lisilo na busha zake litakupeleka kwa fundi wa lezi, mashine ya kuchonga chuma, na busha ikichongwa pungufu hata kidogo gurudumu linacheza. Kisha tazama disiki imekaa umbali gani kutoka katikati ya habu, na nyuma uangalie sproketi, ile sahani yenye meno ya cheni, inalingana mstari na ile ya mbele. Cheni inayovuta upande hula meno haraka, na siku mbaya inaruka.

Sasa breki ya mbele, ambayo watu wengi huichukulia kwa wepesi. Disiki ya R ina kipenyo cha milimita 250; ya X ina 298. Tofauti ni 48, maana yake ukingo wa disiki umesogea nje milimita 24 kutoka kwenye ekseli. Kalipa nayo lazima isogee nje hizohizo 24, la sivyo haitaingia kabisa. Kinachoisogeza ni kile kitako kinachoishika kwenye shokapu, na kitako cha X ni tofauti na cha R. Ni kipande kidogo, muuzaji anaweza kukisahau kwenye boksi, na bila hicho seti yote haina kazi.

Fundi mmoja wa huku kwetu aliniambia hakuna haja ya kuhangaika na kitako, atakata bapa la chuma achomelee, kazi ya nusu saa. Ni fundi mzuri na injini yangu nampa bila wasiwasi, lakini hilo nilikataa. Kitako cha kalipa ndicho kinachobeba nguvu yote ya breki ya mbele pale unapoiminya ukiteremka. Kikipinda, kalipa inaweza kujikita kwenye spoki, na hapo utaruka juu ya hendo. Agiza cha kiwandani au kilichochongwa na watu wa kazi hiyo, usubiri. Vilevile hakikisha hosi ya breki inafika bila kuvutwa shokapu zikinyooka mwisho, na kila ukimaliza kubadilisha gurudumu uminye breki mara kadhaa pikipiki ikiwa imesimama, maana pedi huwa zimesukumwa ndani na mminyo wa kwanza unaweza kuwa mtupu.

Upande wa nyuma ni rahisi. Disiki ni milimita 230 kwa zote mbili. Kilichonifurahisha ni sproketi: R ina meno 43, X ina 42, mbele zote 13. Ukipiga hesabu ya matairi, la R ni 120/80-18 (upana kwa milimita, urefu wa ubavu kwa asilimia ya upana huo, kisha inchi za rimu), mzunguko wake ni kama milimita 2,040. La X ni 140/70-17, kama 1,970. Tairi limepungua asilimia tatu na kitu, jino moja likarudisha asilimia mbili na kitu. Gia zinabaki karibu vilevile. Kwa hiyo acha sproketi ya 42 ikae kwenye gurudumu lake la lami na ile ya 43 kwenye la porini, na usiwasikilize wanaokuambia ubadilishe na ya mbele.

Mbele mambo hayalingani hivyo. Tairi la 80/100-21 lina nusu kipenyo cha kama milimita 347. La 110/70-17 lina 293. Mbele imeshuka zaidi ya sentimita tano, nyuma sentimita moja tu. Pikipiki inainamia mbele, pembe ya shokapu inasimama zaidi, usukani unakuwa mwepesi na mkali. Kwenye kona za Mombo kupanda Lushoto hiyo ni raha tupu. Kwenye kokoto inakutisha. Na kama springi zako ni za porini, laini, ukiminya breki ya disiki kubwa pua inazama yote. Kaza kompresheni ya shokapu za mbele, ile skrubu inayopunguza kasi ya kubonyea, kidogo kidogo hadi uridhike.

Stendi nayo! Pikipiki ikishuka, stendi ya R inakuwa ndefu mno, pikipiki inasimama wima badala ya kuegemea. Upepo wa Raskazone unatosha kuilaza upande wa pili. Ama utafute stendi fupi, ama uegeshe sehemu yenye mwinamo.

Kuhusu matairi, usidanganywe na namba 17. Bodaboda nyingi zina rimu 17, kwa hiyo duka lolote la Ngamiani utakuta tairi la 3.00-17 na utashawishika. Rimu ya nyuma ya X ina upana wa inchi nne. Tairi la bodaboda limetengenezwa kwa rimu ya karibu nusu ya hapo. Litatanuka, kingo hazitakaa sawasawa. Tyubu ni vivyo hivyo: ya bodaboda ukiijaza ndani ya 140 inanyooka ikawa nyembamba, msumari mdogo tu na umekwisha. Mimi huagiza matairi na tyubu pamoja, kabla ya yale niliyonayo hayajaisha. Tairi la 21 la mbele linapatikana kwa urahisi zaidi, shukrani kwa DT na XL zilizozoeleka siku nyingi kwenye ofisi za serikali na miradi.

Wapo wanaotaka kuokoa hela kwa kusuka rimu ya 17 kwenye habu ya porini. Inawezekana, lakini spoki lazima ziwe fupi na za urefu kamili, na matundu ya rimu yaelekee pembe ya habu hiyo. Spoki iliyokatwa na kuchongwa uzi mtaani siiamini mbele.

Ukiniuliza uanzie wapi, kwa mtu wa Tanga nasema nunua ya porini, seti ya lami iongeze baadaye. Masika ikianza, njia ya Muheza kupanda Amani ni utelezi mtupu, na zile njia za mchanga upande wa Pangani na Saadani zinameza tairi la 17 la mbele. Supamoto inakupa furaha kwenye lami, ila ukikuta barabara imekatika huna la kufanya.

Seti isiyotumika usiitupe uani. Hewa ya bahari hapa inakula spoki na nipeli zake, zile nati za kukazia spoki, kimyakimya. Futa chumvi, paka mafuta mepesi kwenye spoki kwa kitambaa huku disiki umeifunika, ning'iniza ndani. Busha, kitako cha kalipa na ekseli zitie kwenye mfuko mmoja ufungwe kwenye gurudumu lenyewe, kwa sababu siku utakapotaka kuuza pikipiki, mnunuzi wa Korogwe au Handeni atataka ya porini iliyokamilika, na wa mjini atalipia seti ya lami peke yake.