Maswali yenu: Damu kwenye nepi, na mtoto ananyonya tu

SWALI: Shikamoo dada. Mi niko Moshi, mtoto wangu wa kwanza ana wiki 9 na ananyonya tu, hajawahi kupewa maziwa mengine. Wiki mbili zilizopita nilianza kuona utelezi kwenye nepi kama makamasi, alafu juzi nikaona na nyuzi nyuzi za damu, nilipiga kelele mpaka mama mkwe akaja mbio. Jioni analia sana na mashavu yana ukurutu mkavu, ila ananyonya vizuri na kliniki kilo zinapanda. Mama mkwe anasema ni chango, tumempa dawa ya chango wapi. Jirani yetu muuguzi anasema huenda ni aleji ya maziwa, sasa mi nashangaa maziwa gani wakati ananyonya yangu tu? Baba yake ameshanunua kopo la dukani anataka niache kunyonyesha. Tangu nijifungue nakunywa maziwa nusu lita asubuhi, nusu lita jioni, na mtori nao unawekwa maziwa, maana ndo wanasema yanaongeza maziwa ya mama. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa uzazi. Naanza na lile kopo, msilifungue. Maziwa ya kopo ya kawaida yanatengenezwa kwa maziwa ya ng'ombe, kwaiyo kama kweli mtoto ana hiyo aleji mtakua mmemtoa kwenye ziwa lenye protini ya ng'ombe kidogo mno mkampa chupa iliyojaa protini hiyo hiyo. Namwelewa baba, ameona damu ya mwanae akaogopa, mwambie tu ziwa lako halina kosa. Na ile dawa ya chango iacheni leo leo, chini ya miezi 6 mtoto ni ziwa tu na dawa aliyoandikiwa hospitali.

Jirani yako hajakosea kuhisi hivyo. Unapokunywa maziwa ya ng'ombe, chembe ndogo za protini zake zinapita tumboni kwako zinaingia kwenye damu na kutokea kwenye ziwa, wengi hawadhuriki na chochote, ila kwa watoto wachache utumbo unazikataa, ukuta wake unavimba na kuchubuka kidogo, ndo unaona utelezi na nyuzi za damu kwa mtoto ambaye vinginevyo anacheka na kilo zinapanda. Mara nyingi inaanza kwenye miezi ya mwanzo kama kwako, na ukurutu unaweza kwenda pamoja nayo. Kilio cha jioni peke yake nisingekihesabu, watoto wengi wazima kabisa wanalia hivyo, kinafika kilele kama wiki ya 6 na kufikia miezi 3 au 4 kinapungua chenyewe. Nimeona akina mama wamejinyima chakula miezi mizima kwa sababu ya kilio tu na inaniuma sana.

Kabla hujabadilisha chakula mpeleke mtoto akaonekane, maana damu ina sababu nyingine pia. Chuchu zako zikoje? Zikiwa zimechanika mtoto anameza damu yako inatokea chooni. Anaweza kuwa na mchaniko mdogo kwenye njia ya haja, au maambukizi ya tumbo. Nenda na kadi ya kliniki, na ile nepi yenyewe ifunge kwenye mfuko uende nayo, daktari akiiona ni bora kuliko maelezo yako kumi. Ila ukiona damu nyingi, au choo kama jemu nyekundu, anatapika kijani, tumbo limejaa, ana homa, amelegea au kilo zimeanza kushuka, usisubiri kesho. Hali kadhalika akivimba midomo, akitoka mabaka mwilini au kupumua kwa shida, hiyo ni dharura, kimbia hospitali.

Wakishasema huenda ni aleji, kipimo chenyewe ni sahani yako. Aleji hii ya choo chenye damu kwa kawaida haionekani kwenye kipimo cha damu wala cha ngozi, kwaiyo unaacha vitu vyote vya maziwa ya ng'ombe kwa wiki 2 hadi 4, na nasema vyote: maziwa yenyewe, mtindi, mgando, siagi, samli, jibini, aiskrimu, chai ya maziwa ya mgahawani, maandazi na mkate uliokandwa kwa maziwa, chokoleti, biskuti. Soma pakiti, kaseini na wei ni maziwa pia. Mtori kula kwa raha zako, wakuwekee nyama na ndizi bila maziwa wala siagi, na mlaso mwambie mama mkwe taratibu kwamba kwa sasa hapana, kwa sababu una maziwa na samli ndani. Tui la nazi halina shida, mayai siyo maziwa, na nyama ya ng'ombe wengi wanaila bila tatizo. Maziwa yako hayatapungua mdogo wangu, yanaletwa na mtoto kunyonya mara kwa mara na wewe kushiba na kunywa maji, hata uji mwepesi.

Mifupa yako nayo inataka kalsiamu, kama miligramu 1,000 kwa siku. Dagaa wanaoliwa na mifupa yake, ufuta, sukuma wiki, maharage. Mchicha ni mzuri kwa mengine ila kalsiamu yake mwili unaichukua kidogo. Ulizia kliniki vidonge vya kalsiamu pamoja na vitamini D.

Damu mara nyingi inapungua ndani ya wiki 1 au 2, ukurutu unachelewa zaidi. Sasa hapa ndo wengi wanaposhindwa: mtoto akipona inabidi urudishe maziwa, kwa kukubaliana na daktari, kidogo kidogo kwa kama wiki moja huku unaangalia nepi. Damu ikirudi, jibu ni aleji na unaacha tena. Isiporudi ilikua kitu kingine kilichopita chenyewe, unakunywa chai yako ya maziwa. Usiporudisha utakaa mwaka mzima unajinyima bila kujua kama kulikua na sababu. (Kama aliwahi kuvimba au kukosa pumzi usijaribu nyumbani kabisa.) Ikithibitika, mnaendelea hivyo hadi miezi 9 au mwaka, alafu anajaribiwa, kwa kawaida kuanzia na kilichookwa kama biskuti. Aleji ya aina hii wengi wanaiacha wakifika mwaka mmoja.

Na wakikwambia ni laktosi, laktosi ni sukari na iko kwenye maziwa ya kila mama hata asiyegusa maziwa maisha yake yote, kwaiyo kopo lisilo na laktosi halitibu hii.

SWALI: Dada mi mwanangu ana miezi 7, ilithibitishwa ana aleji ya maziwa ya ng'ombe, ameanza uji. Bibi yake yuko Dodoma anataka kutuletea maziwa ya mbuzi, je nimpe?

JIBU: Mshukuru bibi ila hapana, wala wewe usiyanywe. Protini za mbuzi na za ng'ombe zinafanana mno, watoto wengi sana wenye aleji ya ng'ombe wanadhurika na ya mbuzi pia. Uji tia karanga zilizosagwa laini au unga wa dagaa, na ukipoa ukamulie maziwa yako mwenyewe.