Jibu: misumari ya taiko na ile alama ya mikia mitatu

Ndugu, umeuliza kama misumari inayozunguka ngozi ya taiko, yaani ngoma ya Kijapani, ni pambo tu. Hapana, ndiyo inayoishika ngozi. Aina unayoisema, yenye ngozi iliyopigiliwa misumari, ni nagado-daiko. Mzinga wake huchongwa kutoka gogo moja, na gogo linalothaminiwa zaidi ni la mti wa keyaki. Hutobolewa ndani, kisha huachwa likauke taratibu kwa miaka, maana likikaushwa haraka hupasuka.

Kazi ya kuwamba ndiyo inayonivutia hasa. Ngozi ya ng'ombe hulowekwa, huvutwa kwa kamba kuelekea chini, na mafundi hupanda juu yake wakarukaruka ili ivutike zaidi. Fundi hupiga, husikiliza, hukaza tena. Akiridhika na sauti ndipo hupigilia misumari na kukata ngozi iliyozidi. Baada ya hapo sauti hairekebishiki kirahisi, kwa hiyo sikio lake ndilo linaloamua. Shime-daiko, ile ndogo, hukazwa kwa kamba au siku hizi kwa bolti, hivyo mpigaji huikaza upya atakapo.

Ile alama ya mikia mitatu inayozunguka, inayochorwa kwenye ngoma, huitwa mitsudomoe. Utaiona pia kwenye mahekalu ya mungu Hachiman. Lakini kama unapenda mapambo, tafuta picha za dadaiko, jozi ya ngoma kubwa za gagaku, muziki wa kale wa kasri la mfalme wa Japani. Zimezungukwa na fremu ya miali ya moto: ya kushoto ina majoka na jua la dhahabu, ya kulia ina ndege feniksi na mwezi wa fedha. Mimi sijaona ngoma nzuri kuliko hizo.